Steringi na Mguu wa Kuku

Steringi hafi. Mtoto wa Magu mjini analijua hilo kabla hajamaliza darasa la tatu, maana amelisikia likitamkwa katika banda umiza, kwenye benchi za mbao na joto la watu waliobanana, huku televisheni imepandishwa juu ili hata wa nyuma waone. Risasi za maadui zinampita steringi kushoto na kulia, zinapasua vioo na kutoboa milango ya magari, naye anatoka na mchubuko mmoja juu ya nyusi. Watazamaji wanashangilia. Kisha mtu mzima mmoja, aliyewahi kupita mgambo, anawaharibia raha kwa swali: "Huyu magazini anabadilisha saa ngapi?"

Swali hilo lina hesabu ndani yake. Bunduki ambayo polisi na wanahabari wa Tanzania huiita SMG, yaani Kalashnikov na ndugu zake wa Kichina, hubeba risasi 30 katika magazini ya kawaida. Ikiachiwa ipige mfululizo, kasi yake ni kama risasi 600 kwa dakika. Kumi kwa sekunde. Sekunde ya tatu ikiisha, mpigaji ameshika chuma kitupu. Steringi wa picha za mapigano humwaga risasi dakika nzima, anakimbia, anaruka ukuta, na bado anapata nafasi ya kumtania adui.

Watengenezaji wa tamthilia za uhalifu wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mgambo wa Magu, ila wanaipuuza makusudi. Kuna jambo lingine ambalo hawalipuuzi: bunduki hii ni ya nani. Katika tamthilia iliyoandikwa vizuri, silaha huchaguliwa kwa uangalifu uleule unaotumika kumchagulia mhusika jina, kazi na mke. Inaeleza ametoka wapi, ana fedha kiasi gani, anaogopa nini. Hapo ndipo mtazamaji wa Kanda ya Ziwa anapopata haki ya kudai chake, kwa sababu silaha za huku zina wasifu wake, tena mrefu, na karibu hakuna aliyeupeleka kwenye skrini.

Mfano wa kuchagua kwa makini ni Miami Vice, tamthilia ya wapelelezi wa dawa za kulevya iliyoanza kurushwa na NBC ya Marekani mwaka 1984. Mpelelezi Sonny Crockett, aliyeigizwa na Don Johnson, alivaa suti nyepesi na viatu bila soksi, aliishi kwenye mashua na alifuga mamba. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpa bastola ya kila askari. Akapewa Bren Ten, silaha mpya kutoka kampuni ndogo ya California, Dornaus & Dixon, iliyobuniwa kwa ajili ya risasi mpya ya milimita 10. Ikatokea kwamba risasi za maigizo za kipimo hicho hazikuwepo, hivyo bastola za kwenye tamthilia zikatengenezwa za kipimo cha .45. Zikapakwa pia kromu, ili zing'ae katika picha za usiku. Watazamaji wakaitamani bastola ya Crockett, lakini kampuni ilikuwa imeelemewa: magazini hazikupatikana za kutosha, na baadhi ya wanunuzi wakapelekewa bastola isiyo na magazini. Mwaka 1986 Dornaus & Dixon ikafilisika. Crockett akabadilishiwa, akaendelea na Smith & Wesson mpaka tamthilia ilipokwisha mwaka 1989.

Kwa hiyo hata bastola maarufu kuliko zote katika televisheni ya miaka ile ilikuwa, kwa namna fulani, imevaa nguo za kuazima. Haikuwa peke yake. Katika Magnum, P.I., Thomas Magnum alikuwa mwanajeshi wa zamani wa majini, na silaha ya wasifu wake ni Colt ya .45 ya jeshi la Marekani. Mkononi mwa mwigizaji Tom Selleck, hata hivyo, mara nyingi ilikuwa Star Model B ya Hispania, ya milimita 9, inayofanana na Colt kiasi kwamba mtazamaji wa kawaida hawezi kuzitenganisha. Sababu ilikuwa ya kiufundi tu.

Risasi ya maigizo, ambayo askari wetu huiita risasi baridi, ina ganda na baruti lakini haina ile ncha ya chuma inayoruka. Bastola inayojipakia yenyewe hutegemea nguvu ya kurudi nyuma ili itupe ganda na kuingiza risasi nyingine. Ncha isipokuwepo, nguvu hiyo hupungua na bastola hukwama baada ya mlio wa kwanza. Mafundi wa filamu huirekebisha kwa kuziba sehemu ya mtutu ili moshi ubanwe ndani na kuisukuma mashine. Kwa miaka mingi risasi baridi za milimita 9 ziliitii kazi hiyo kuliko za .45, ndiyo maana Magnum akaishia na bastola ya Kihispania.

Waandishi wa baadaye waliichukua silaha wakaifanya sehemu ya hadithi yenyewe. Katika Breaking Bad, mwalimu wa kemia Walter White anakwenda kununua bastola kwa siri katika kipindi cha mwaka 2011 kilichopewa jina la bastola hiyo, "Thirty-Eight Snub". Tukio zima ni maongezi ya chumbani. Muuzaji anamfundisha namna ya kuichomoa, anamweleza habari ya namba iliyofutwa, na kwa upole anamshauri afikirie upya. Risasi haipigwi hata moja, na mtazamaji anatoka akijua kila kitu kuhusu mwalimu huyo: ni mgeni katika mambo haya, anajidanganya kwamba ni kujilinda tu, na fedha anayo. Miaka miwili baadaye, katika kipindi cha mwisho, mtu huyohuyo anafika na bunduki ya rashasha, M60, ndani ya buti ya gari. Safari ya kutoka bastola ya mfukoni hadi rashasha ndiyo tamthilia yenyewe.

Yupo pia asiyebeba kitu. Luteni Columbo, aliyeigizwa na Peter Falk tangu mwaka 1968, alikamata wauaji kwa koti lililokunjamana na swali la mwisho analolikumbuka akiwa mlangoni. Katika kipindi cha mwaka 1975, "Forgotten Lady", inagundulika kwamba hajafanya mtihani wa shabaha kwa miaka kumi. Badala ya kwenda uwanjani, anamwomba askari mwenzake akamfanyie. Nani angemwamini Columbo akiwa na bastola kiunoni?

Nyuma ya haya yote kuna hatari ambayo skrini haiionyeshi. Oktoba 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum, akiwa kazini kwenye tamthilia ya televisheni Cover Up, alijielekezea bastola kichwani kwa mzaha akiamini risasi baridi haiwezi kudhuru. Mlipuko wenyewe ulitosha kuvunja fuvu, naye akafariki siku chache baadaye. Machi 1993 mwigizaji Brandon Lee alifia kwenye utengenezaji wa filamu The Crow. Oktoba 21, 2021, mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa kwenye matayarisho ya filamu Rust, kwa risasi ya moto iliyokuwa imeingia mahali isipotakiwa kuwepo. Siku iliyofuata, watayarishaji wa tamthilia ya polisi The Rookie walitangaza kwamba bunduki halisi hazitatumika tena kwenye seti yao: zitatumika za kuchezea zinazopiga vidonge vya plastiki, na moto wa mtutuni utaongezwa kwa kompyuta.

Mtu mmoja wa kaskazini mwa Ziwa Victoria alikuwa akifanya hivyo tangu zamani, na kwake sababu ilikuwa fedha.

Isaac Nabwana, ambaye zamani alikuwa akifyatua matofali, alianzisha studio yake Wakaliga, mtaa wa kimaskini wa Kampala, na dunia sasa inaiita Wakaliwood. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inahusu komando anayepambana na genge la wahalifu, na ndani yake kuna bunduki nyingi kuliko tamthilia nyingi za Hollywood. Hakuna hata moja iliyo halisi. Fundi na mwigizaji wake, Dauda Bisaso, anaziunga kwa mabomba, vyuma chakavu na mbao; ametengeneza hadi rashasha ya mitutu mingi inayozunguka. Moshi, moto na helikopta zinaongezwa na Nabwana mwenyewe kwenye kompyuta aliyoiunga kwa vipuri. Bajeti ya filamu nzima hutajwa kuwa chini ya dola 200. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo mno hivi kwamba ilibidi kuifuta filamu ili kupisha kazi iliyofuata, na nakala iliyobaki leo ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia na kutania juu ya picha.

Sauti hiyo ndiyo iliyoiunganisha Uganda na mabanda ya Mwanza na Magu. Kusimulia filamu ya kigeni mbele ya watazamaji ni sanaa inayojulikana pande zote za ziwa. Tanzania jina lake kubwa ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, wa Dar es Salaam, ambaye kanda zake za filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili zilisambaa nchi nzima. Msimulizi wa aina hii hufanya kazi ambayo mtafsiri hawezi. Adui akitoa bastola, msimulizi anasema ametoa mguu wa kuku. Polisi wa Los Angeles wakifika na magari kumi, anatangaza kwamba FFU, askari wa kutuliza ghasia, wameingia. Bunduki ya Hollywood inapewa uraia papo hapo, mtazamaji haoni tena kizuizi.

Tatizo huanza pale kamera inapokuwa ya kwetu. Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, miaka ishirini baada ya Zanzibar, na Mwanza ikapata kituo chake, Star TV. Tamthilia za Kiswahili zikastawi kwenye mapenzi, mirathi, uchawi na mama mkwe. Polisi huingia kwenye hadithi dakika za mwisho, wawili au watatu, wanamfunga mtu pingu na kuondoka naye. Bunduki ikionekana, mara nyingi inatoka ndani ya koti la mtu mwenye suti, na inashikwa kwa mkono mmoja, kiubavu, kama alivyoonekana mwigizaji fulani wa Marekani akiishika.

Waigizaji hawastahili kulaumiwa sana. Hakuna mtaa Dar es Salaam wala Mwanza wenye maghala ya kukodisha silaha za filamu na mafundi wa kuzisimamia, kama ilivyo Los Angeles. Kila filamu hupita kwa Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na silaha halisi zipo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Hata nguo ni kesi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Mwongozaji anayetaka kikosi cha askari sita wenye SMG anajiuliza mara mbili, kisha anaandika upya ukurasa ule na kuuweka sebuleni.

Wakenya wamethubutu zaidi. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, mwaka 2012, ilimchukua kijana kutoka kijijini na kumwingiza kwenye genge la Nairobi, na ndani yake bastola ni kitu cha hatua ya mwisho, baada ya vioo vya magari na vipuri vya wizi. Mwaka 2021 Showmax na Canal+ zikaleta Crime and Justice, tamthilia ya wapelelezi wawili wa Nairobi, mmoja wao Makena, aliyeigizwa na Sarah Hassan. Walikuwa na pa kuanzia. Magazeti ya Nairobi yameandika habari za uhalifu kwa miaka mingi kiasi kwamba msomaji wa kawaida anajua Ceska ni bastola ya Kicheki na G3 ndiyo bunduki ndefu ya askari, na John Kiriamiti alishasimulia maisha ya unyang'anyi kwa kitabu tangu mwaka 1984. Hadhira ilikuwa tayari imeshasoma.

Sasa rudi kusini mwa ziwa. Mhusika wa Magu angeshika nini?

Angeanza na gobore. Hili ni bunduki ya kupakia kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kitu cha kuishindilia, kisha gololi. Magobore yalifika kwa wingi katika karne ya 19 na misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka pwani kupitia Tabora, mengi yakiwa silaha ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshaziacha. Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa kuwapa wapiganaji wake, rugaruga, silaha hizo. Februari 1875 mpelelezi wa Kizungu, Stanley, alifika Kageye, kwenye Ghuba ya Speke, akaunganisha mashua yake Lady Alice na kuanza kulizunguka ziwa akiwa na bunduki za kisasa zaidi. Watu wa kisiwa cha Bumbire walizionja mwaka huohuo. Tofauti ya silaha kati ya wenye mashua na wenye mishale haikuwa ya kuigizwa.

Gobore halikufa na ukoloni. Wahunzi walijifunza kulitengeneza, nalo likaingia mashambani na porini. Anayelimiliki mara nyingi si jambazi wa mjini. Ni mtu wa pembezoni, anayefukuza wanyama shambani au anayekwenda kutafuta kitoweo upande wa Serengeti. Mpaka Busega ilipomegwa mwaka 2012, Wilaya ya Magu ilifika hadi Lamadi, jirani na lango la Ndabaka la hifadhi hiyo. Lakini mwindaji haramu wa nyumbu mwenye akili haendi na bunduki. Bunduki inalia, na askari wa wanyamapori wana masikio. Anatega nyaya, anarudi asubuhi. Mwandishi wa tamthilia asiyejua hilo atamwandikia mwindaji wake tukio la kufyatuliana risasi usiku kucha, na watazamaji wa Lamadi watacheka.

Bunduki hutokea kwa ajili ya tembo. Januari 29, 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa akiruka kwa helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa, mkoani Simiyu, akifuatilia mizoga ya tembo. Risasi iliyopigwa kutoka chini ilipenya sakafuni na kumuua. Mwaka huohuo filamu ya hali halisi The Ivory Game ilionyesha kikosi maalumu cha Tanzania kikimsaka mfanyabiashara wa pembe aliyeitwa Shetani. Machi 2017 mahakama ya Dodoma ilimhukumu kifungo cha miaka 12. Hizo ni tamthilia mbili za uhalifu tayari, na zote mbili zilisimuliwa kwa dunia na watu waliotoka mbali.

SMG ina wasifu mwingine. Ilikuja kwanza kama mali ya dola: Jeshi la Wananchi liliundwa Septemba 1964, na China ikawa miongoni mwa marafiki wakubwa wa kulipatia mafunzo na silaha. Kisha vikaja Vita vya Kagera. Idi Amin wa Uganda alivamia Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na wanaume wengi wa Kanda ya Ziwa, mgambo kwa askari, wakarudi nyumbani. Si kila bunduki iliyoshikwa vitani ilirudi stoo. Watafiti wa wizi wa ng'ombe, kuanzia Tarime hadi Usukumani, wameeleza namna silaha za baada ya vita zilivyoubadilisha wizi huo: kilichokuwa kazi ya vijana wenye fimbo na mikuki kikawa kazi ya genge lenye bunduki. Vita vya Rwanda, Burundi na Kongo viliongeza nyingine katika miaka ya 1990. Mhusika anayeishika SMG kwenye barabara ya Musoma, akilisubiri basi la usiku, anashika historia hiyo yote. Kwa nini hakuna tamthilia inayoifuatilia bunduki moja, kutoka bohari ya jeshi la Amin hadi mtumbwini kwa mtu anayewanyang'anya wavuvi injini za Yamaha?

Jibu la vijiji kwa bunduki hizo lilikuwa upinde. Sungusungu walianza Shinyanga na Tabora mwaka 1981 na 1982, wakaenea Mwanza haraka. Silaha zao zilikuwa mishale, mara nyingi yenye sumu, filimbi, na mwano, ule ukelele unaopokelewa kijiji hadi kijiji mpaka mwizi anajikuta hana pa kutokea. Serikali iliwatazama kwa wasiwasi, kisha kwa marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 ikawapa nafasi kisheria. Wapo walioonewa na kuteswa mikononi mwao, na hilo nalo ni sehemu ya hadithi. Lakini kwa macho ya kamera ni vigumu kupata tukio zuri kuliko hilo: mtu mmoja mwenye bunduki ya risasi 30 katikati ya mbuga, na kilio kinachomzunguka gizani kutoka pande ambazo hawezi kuzihesabu.

Filamu maarufu kuliko zote kuhusu silaha na Mwanza nayo ina mtu wa upinde. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka mwaka 2004 na kufika hadi kuwania Oscar mwaka 2006. Inaonyesha ndege kubwa za Ilyushin zikitua Mwanza na kuondoka na minofu ya sangara kwenda Ulaya, na inauliza kila mara: zilikuja na nini? Rubani mmoja anakiri mbele ya kamera kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola. Rais Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani mwaka 2006, wakazi wa Mwanza waliandamana kuipinga, na huko Paris ikazaa kesi kati ya Sauper na mwanahistoria aliyedai kwamba hoja ya silaha haina ushahidi. Sauper alishinda shauri la kukashifiwa. Ukiitazama leo, unaona jambo la ajabu. Hakuna sanduku la bunduki linalofunguliwa Mwanza mbele ya kamera. Silaha inayoonekana waziwazi, na inayobaki akilini, ni upinde wa mlinzi wa usiku anayelinda taasisi ya utafiti wa samaki, akiwa na mishale yake ya sumu. Sauper alikuwa na jicho. Alijua silaha ipi inamweleza mtu.

Kisha kuna panga. Sheria ya Tanzania yenyewe haioni tofauti ambayo televisheni inaiona. Kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu unyang'anyi wa kutumia silaha, kinataja silaha au kifaa chochote cha hatari kwa pumzi moja, na adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Aliyetishia kwa bastola na aliyetishia kwa panga wanakwenda gereza la Butimba kwa kipimo kilekile. Katika tamthilia ya Kimarekani mwenye kisu huwa ni mdogo wa mwenye bastola. Mahakama ya Wilaya ya Magu haina daraja hilo.

Gobore lingemtesa zaidi mpelelezi wa televisheni. Tamthilia za maabara, CSI na watoto wake, husimama juu ya ushahidi wa aina mbili. Mtutu wa bastola au SMG una michirizi ya ndani inayoizungusha risasi, na michirizi hiyo huacha alama kwenye risasi. Pini inapogonga kitako cha ganda huacha alama nyingine, na ganda hutupwa chini likamsubiri mpelelezi. Mtaalamu huziweka alama hizo chini ya hadubini, akazilinganisha na bunduki iliyokamatwa. Gobore lina mtutu laini na halina ganda. Linaacha gololi, harufu ya baruti na majirani walioamka. Mpelelezi wa Magu mwenye kesi ya gobore inabidi awe Columbo: aende kwa mhunzi, kwa muuza baruti, kwa shemeji aliyegombana na marehemu msimu wa kuuza pamba.

Na akilipata, kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa maana upo upande mmoja wa silaha ambao tamthilia zote, za Miami na za Nairobi, huupitia juu juu. Bunduki ikikamatwa inageuka kielelezo. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilieleza kinachotakiwa: kumbukumbu za maandishi, kwa mfuatano, zinazoonyesha kitu kilikamatwa vipi, nani alikitunza, kilihama kwenda kwa nani, kilichunguzwa wapi na kiliishia wapi. Mawakili wa utetezi wa Mwanza huanzia hapo. Bastola iliyokamatwa usiku wa manane Nyanguge, ikaandikwa namba moja kwenye hati ya upekuzi na nyingine kwenye daftari la stoo, inaweza kuangusha kesi yote, hata kama mtuhumiwa alikutwa nayo kiunoni. Mwandishi anayetaka tamthilia ya polisi wa Kanda ya Ziwa angefanya vizuri kuanzia kwenye stoo hiyo: rafu ya mapanga yenye vibandiko, magobore mawili yamefungwa kamba, SMG moja isiyo na magazini, na koplo mwenye ufunguo ambaye kesho asubuhi ameitwa mahakamani kueleza kwa nini sahihi ya tarehe 14 haifanani na ya tarehe 16.